Tumbo la Nandwele na Mdomo Wake

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ya mbali, maana bibi aliyenisimulia alikuwa ameyakanyaga matope yenyewe, palikuwa na ziwa likiitwa Nandwele, kando ya mto mkubwa, katika nchi ya bondeni ambako watu hawaulizani mvua imenyesha lini, wanaulizana mto umekuja lini. Nisikilizeni upesi, wenzangu, mtoto huyu akiamka sitamaliza.

Nandwele halikuwa na chemchemi. Halikuwa na kijito cha milimani. Lilikuwa na mlango mmoja tu, mfereji wa kale uliopita katikati ya matete, na watu wakauita Mdomo. Mto ukifura, maji huingia kwa Mdomo. Mto ukinywea, maji hutoka kwa Mdomo huohuo, ila hayatoki yote, kwa sababu pale Mdomoni palikuwa na kizingiti cha udongo mgumu uliosukwa na mizizi, na kizingiti hicho ndicho kilichosema maji haya nendeni, maji haya bakini.

Na samaki nao walikuwa wa aina mbili, wa mwaka wa mto na wa mwaka usio na mto. Mwaka wa mto, ziwa lilijaa majina: ningu waliozoea maji yanayokwenda, ngogo wenye miiba, perege wapana kama kiganja cha mwanamume, na vidogo vingine ambavyo watu hawakujisumbua kuviita. Mwaka usio na mto, majina yalipungua. Maji yalipata joto, majani yakaozea ndani, rangi ikawa ya chai iliyochemshwa mara mbili, na alfajiri ungewaona samaki wamepanda juu wamefunua midomo kama watoto wenye pumu. Walitangulia kufa ningu. Wakafuata ngogo. Perege walibaki, lakini walidumaa, wakawa wanataga wakiwa wadogo kama kidole gumba, kama wasichana wanaoozwa mapema kwa sababu ya njaa ya nyumbani. Aliyenenepa ni kambale, kwa sababu kambale anaweza kuvuta pumzi ya juu kama mimi na wewe, na anakula wenzake. Na kamongo yeye alijizika kwenye tope akalala, akasema mkimaliza mtaniamsha.

Sasa, watu wa Nandwele walikuwa na mwiko. Katikati ya ziwa palikuwa na shimo refu, wakaliita Tumbo. Pembeni pakikauka, maji ya mwisho hukimbilia Tumboni, na samaki wa mwisho humo. Mwiko ulisema: mkono wa mtu hauingii Tumboni mpaka mto urudi. Hao ni mbegu. Mwenye njaa akachimbe ming'oko, vile viazi vya porini, ale maneno, ale hasira, lakini mbegu hailiwi. Na mlinzi wa Tumbo alikuwa mwanamke anayenyonyesha, siku zote, kwa sababu usingizi wake ni mwepesi na hofu yake ni kubwa.

Walikuwa pia na ahadi. Atakayelihuisha ziwa mwaka mbaya, huyo ndiye atakayepewa Mdomo. Maana yake, mto ukianza kunywea, yeye ndiye atakayechomeka uzio wa matete pale mfereji unapotokea, na kila samaki anayetaka kurudi mtoni atamkuta yeye. Nyumba yenye Mdomo haikosi kitoweo. Na Mdomo ni wa nyumba moja tu. Waliwahi kuugawa kwa nyumba mbili, mtu na shemeji yake, wakachomana kwa mikuki ya samaki, na tangu hapo watu wakasema basi, moja.

Mwaka mmoja mto haukuja. Maji yakapungua, watu wakachoka, ziwa likahema.

Mwaka wa pili mto haukuja tena. Maji yakapungua, watu wakachoka, ziwa likahema. Watu walichoka mpaka wakaacha kwenda kutazama mtoni. Mtu akisema labda kesho, wenzake walimgeuzia mgongo.

Mlinzi wa Tumbo mwaka huo alikuwa Sikudhani. Mumewe alikwenda kukata boriti kwenye mikoko huko mto unakoishia, hakurudi, hakutuma salamu. Alimwachia mtoto wa kike mchanga, Havijawa, na nyumba iliyo karibu na Tumbo kuliko zote. Sikudhani alikuwa mwoga. Aliogopa viboko, aliogopa homa, aliogopa mtoto akilia na aliogopa zaidi akinyamaza. Lakini alfajiri alipowaona wale samaki wamefunua midomo, alimfunga mtoto mgongoni, akaingia hadi mapajani, akachukua kafi akaanza kuyapiga maji. Pa, pa, pa. Akayapiga yakaruka, yakarudi na upepo ndani yake. Samaki wakashuka. Kesho yake akayapiga tena. Na jua lilipokuwa kali, alikata matete akayatandika juu ya Tumbo ili maji yapate kivuli.

"We mama Havijawa," watu walimwita wakipita, "unafua ziwa?"

"Nalipepea," alisema.

"Likipoa utuite tunywe."

Walicheka kidogo, wakaenda zao kuchimba ming'oko. Kucheka nako kulichosha.

Alfajiri hizo zilimla Sikudhani. Ming'oko haitoi maziwa, jamani, wenye watoto mnajua. Mtoto alivuta, akavuta, akaachia, akalia kwa sauti iliyokuwa inapungua kila siku, na hapo nikifika mimi huwa namgusa huyu wangu nione kama anapumua, nisameheni.

Basi asubuhi moja Sikudhani alikuta mlangoni kipande cha kambale aliyebanikwa, kimefungwa kwa jani la mgomba. Alitazama huku, alitazama kule. Akakiingiza ndani, akapika mchuzi, akanywa, na jioni titi likajaa. Baada ya siku chache, kipande kingine. Kisha kingine. Hakumuuliza mtu. Mtoto akarudi kulia kwa nguvu, na majirani wakasema afadhali.

Kambale alitoka wapi? Alitoka kwa Mpili.

Mpili alikuwa mtu ambaye kuku akipotea kijijini watu hawasemi kicheche, wanasema Mpili. Alikuwa na mama kipofu, na Mpili mwenyewe alimlisha kwa mkono wake, hilo ndilo jema moja lililojulikana. Mchana, Sikudhani alipokuwa mbali anakata matete ya kivuli, Mpili aliingia Tumboni na mgono wake, ule mtego wa fito, akatoa kambale. Alikula yeye na mama yake, na kipande akakipeleka kwenye ule mlango wa Sikudhani.

Mwaka wa tatu, mwishoni mwa masika, mtu alikuja anakimbia: mto unakuja! Watu walitoka. Kweli ulikuwa unakuja, lakini ulikuwa mto mnyonge, mto wa kuburuta miguu. Ulifika Mdomoni, ukapanda, ukapanda, ukasimama chini ya kizingiti kwa urefu wa mkono mmoja tu. Ukawa unapita zake. Watu walikaa chini ukingoni wakayatazama maji yanakwenda baharini. Kisha mmoja mmoja wakarudi nyumbani kulala.

Mzee Mketo hakurudi. Huyu alikuwa mzee mkaidi, mfinyanzi wa mitungi, aliyeachiwa wajukuu na watoto waliokufa kwa homa. Alichukua jembe akasimama juu ya kizingiti, akaanza kukichimba. Sasa kizingiti kile hakikuwa kimeguswa tangu ziwa liitwe ziwa. Mketo alichimba mchana kutwa, mizizi akaikata kwa panga, udongo akautoa kwa mikono, na jua lilipozama kizingiti kilikatika. Maji yaliingia kwa kelele. Yeye yalimbwaga, yakamgonga kwenye kisiki, na tangu siku ile mgongo wake haukunyooka tena.

Nandwele likajaa! Lilijaa mpaka kwenye mashina ya mikindu. Wale perege wadogo wa Tumboni walitawanyika kwenye majani mapya, wakataga, wakaanza kunenepa kama wamesamehewa. Ningu waliingia, ngogo waliingia, kamongo akatoka kwenye tope anajinyoosha. Watoto walilala ndani ya maji. Watu walitaka kushangilia, walianza, wakaona kushangilia kunataka mtu aliyeshiba.

Lakini mto mnyonge haukai. Siku si nyingi ukaanza kunywea, na ziwa nalo likaanza kuufuata, kwa sababu sasa pale Mdomoni hapakuwa na kizingiti cha kusema maji haya bakini. Maji yalikuwa yanatoka na samaki ndani yake. Ilibidi uzio uchomekwe, na uchomekwe siku ileile. Uzio ungewazuia samaki wasiondoke hata kama maji yanaondoka, na nyuma yake watu wangejaza udongo polepole. Na kwa kuwa samaki bado walikuwa wachache, ziwa lote lilifungwa, ndoana marufuku, nyavu marufuku, mpaka wazaane. Atakayekula samaki msimu huo ni mwenye Mdomo peke yake. Wengine ni ming'oko tena, mpaka mpunga uive.

Mwenye kuamua alikuwa Bi Tabu, mtunza ziwa, mama mnene mwenye mguu uliovimba. Alikuja amebebwa kwenye kitanda cha kamba, amenuna. Mkononi alikuwa na mti wa kwanza wa uzio, ule anaokabidhiwa mwenye Mdomo.

"Mdomo haunisubiri mimi wala ninyi," alisema. "Nani analidai ziwa hili?"

Sikudhani alisogea na mtoto mgongoni. Mpili akasogea. Mzee Mketo akasogea, amejikunja kama anatafuta sindano.

"Mpili," alisema Bi Tabu, "wewe umepotea njia au umetumwa?"

"Nimekuja kwa miguu yangu, bibi, na leo sijaiba hata hiyo."

Watu wakacheka. Bi Tabu hakucheka. "Anza, mama Havijawa."

Sikudhani aliongea kwa haraka, kama mtu anayeogopa kunyang'anywa zamu. "Mimi, bibi, mimi nililipumulia. Alfajiri zote, ninyi mmejifunika, mimi nimo majini na huyu mgongoni, mikono imekufa ganzi, kafi imenichubua, tazama. Nisingeyapiga maji perege wote wangekufa, na mto ungeingia ungekuta makaburi. Hawa waliojaa humu leo ni watoto wa wale niliowapepea. Na mtoto wangu sasa ameanza kuomba chakula na mimi sina cha kumpa."

"Ulilipumulia kwa mkono mmoja," alisema Mpili, "ukalikaba kwa mwingine. Hayo matete uliyotandika yaliozea humo humo, mama Havijawa. Chini yake maji yalikuwa meusi, yananuka yai. Nusu ya waliokufa waliuawa na matete yako."

"Na wewe umejuaje ya chini?" aliuliza mtu.

Mpili alijikuna shingo. "Basi, niseme. Niliingia Tumboni."

Watu walisimama. Mama mmoja alitema mate. "Amekula mbegu!"

"Nimekula kambale!" Mpili naye alipaza sauti. "Kambale si mbegu, kambale ni mwizi wa mbegu. Mle ndani walikuwa wamenenepa kama watoto wa jumbe, mmoja anafunua mdomo anameza perege sita. Yeye Sikudhani alikuwa anawapepea perege, na kambale anasema ahsante, vitamu vikiwa hai. Mimi nikawatoa. Mgono wangu ulikuwa na matundu mapana, perege walipita, kambale walibaki. Mwizi akimkamata mwizi, mnamfunga nani?"

"Na perege hata mmoja hukula?" aliuliza Bi Tabu.

"Mmoja mmoja walijileta, bibi. Siwezi kusema uongo mbele ya mguu huo."

"Na kambale wote uliwamaliza wewe na mama yako?"

Mpili alijikuna shingo tena. Alitazama chini. Kisha akasema, "Wote. Tuna njaa kubwa sisi."

Sikudhani alimtazama. Mpili akatikisa kichwa kidogo, kumwambia nyamaza. Angenyamaza, wenzangu, angenyamaza nani angejua? Lakini alisema.

"Nilikula mimi."

"Umekula nini?"

"Kambale. Alikuwa ananiwekea mlangoni. Sikumuuliza mtu, lakini nilijua. Kambale wa Tumboni ananuka tope la Tumboni, na mimi kila alfajiri nalivaa tope hilo mpaka mapajani. Nilijua, nikala. Mimi mlinzi. Nisingekula, huyu mgongoni asingekuwapo, na nisingekuwa na nguvu ya kuinua kafi."

Hakuna aliyetema mate safari hii. Mama mmoja alianza kulia, hata haikujulikana analilia nini.

"Mketo," alisema Bi Tabu kwa sauti ya chini.

"Mimi nilivunja kizingiti," alisema mzee. "Sina la kuongeza."

"Ongeza."

"Baba yangu aliniambia hakiguswi. Nilijua. Lakini maji yalikuwa yanapita mbele ya macho yangu, yamepungua mkono mmoja tu, na wajukuu zangu wamekaa kwenye majani wanayatazama. Nifanye nini, niyapungie mkono? Hao perege wake huyu binti, hao walioachwa na huyu mwizi, wote wangekauka pamoja Tumboni mwezi huu. Mbegu bila mvua ni chakula cha panya. Mimi niliwaletea mvua."

"Na sasa yanatoka, babu," alisema Sikudhani. Alikuwa ametazama mfereji. "Kabla yako yalikuwa yanabaki. Sasa kila mwaka yatatoka."

"Yanatoka, mjukuu wangu. Kwani kingetoka nini kama yasingeingia?"

Mwanamke mmoja pale nyuma akasema, "Bi Tabu, kwa nini wote watatu wasile kwa zamu?"

"Zamu?" Bi Tabu aligeuka. "Aliyekosa zamu jana atakuja na mkuki leo. Nilizika mtu na shemeji yake siku moja, mimi mwenyewe niliwaosha matope wake zao. Na samaki wenyewe watatosha nyumba moja. Tukiwagawa kwa nyumba tatu hakuna nyumba itakayofika kwenye mpunga." Akafuta jasho. "Niambieni mtauchomekaje uzio. Nataka kusikia hilo kwanza."

"Nitaacha upenyo wa vidole viwili," alisema Mketo. "Wakubwa nile, wadogo warudi mtoni. Mto unaonyimwa watoto wake haurudi."

"Mimi nitabana," alisema Sikudhani. "Nitabana hata sisimizi asipite. Mto ulitukataa mara mbili, bibi, siuamini tena. Samaki uliowaleta nitawafungia ndani, na Tumboni nitawapepea tena ikibidi."

"Na wewe, Mpili?"

"Mimi ninawajua samaki mmoja mmoja, bibi. Nitatoa kambale na ngogo, nitaacha perege. Lakini mnajua mkono wangu. Siku mama akilala na njaa, sitaapa."

"Afadhali wewe unajua kwamba huwezi kuapa," alisema Bi Tabu. Na hapo kidogo ndipo alipocheka, kicheko cha mtu aliyechoka mpaka mifupani.

Akayatazama maji. Yalikuwa yanapita kwenye vifundo vya miguu vya wale watatu, na ndani yake perege wachanga, wembamba, wanawagusa watu kwenye ngozi wakienda. Mtoto mgongoni mwa Sikudhani alianza kulia. Mmoja wa wajukuu wa Mketo alikuja akamshika babu yake mkono amsaidie kusimama. Mpili alikaa ukingoni, amefunga mikono, kama mtu aliyekwisha kuambiwa hapana na anangoja tu isemwe kwa sauti.

Bi Tabu aliunyanyua ule mti wa kwanza. Akaushusha, akaulaza juu ya tope, katikati yao watatu.

"Nimeamua mambo ya ziwa hili tangu nikiwa na meno yote," alisema. "Hili linanishinda. Lakini maji yanatoka."

Bibi yangu alikuwa anakomea hapo. Nilimuuliza, bibi, kisha nani aliuchukua? Akasema, mimi nakuuliza wewe. Nami tangu nimepata huyu mtoto sijaweza kumjibu, nalala nalo, naamka nalo. Kwa hiyo nawatwika ninyi. Yupo aliyelipa ziwa pumzi lakini akala mbegu aliyowekwa kuilinda. Yupo aliyevunja mwiko akawaokoa perege, na akamwokoa mtoto asiye wake. Yupo aliyelijaza ziwa na kulitoboa kwa jembe lilelile. Bi Tabu amekaa kwenye kitanda chake cha kamba, mti umelala kwenye tope, na kila mnapofikiri, samaki wanapita. Je, nani alistahili kuuinua mti ule?